Nia ya Mhusika Haisomwi Kinyumenyume

Taifa linalojiheshimu halipokei hadithi ya mgeni kwa kufumba macho, wala haliifukuzi mlangoni kabla ya kuisikiliza. Huikaribisha, huihoji, kisha huitolea uamuzi. Mwezi Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisema kuwa utamaduni ndio kiini na roho ya taifa. Lakini katika hotuba hiyo hiyo alionya kwamba kuufufua utamaduni wetu si kuukataa ule wa mataifa mengine. Maneno hayo hurudiwa mara nyingi katika sherehe zetu. Linaloulizwa mara chache ni hili: tukishaipokea hadithi ya kigeni, tunaifasiri namna gani?

Swali hili si la Dar es Salaam peke yake. Ni swali la Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Kigoma, ambako jioni, kazi za shamba zikiisha, vijana hujazana mbele ya kioo kutazama filamu. Zamani mwananchi wa huku aliiona sinema kwa nadra. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ikaweka utaratibu wa kuzikagua filamu kabla ya kuonyeshwa. Kisha zikaja kanda za video, zikafuata diski, na leo simu ya mkononi. Pamoja nazo likaja banda la video, lile ambalo vijana wameliita kwa utani kibanda umiza, na ndani ya banda hilo ikaingia sauti ya mfasiri: mtu anayezungumza Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, akieleza nani kasema nini na kwa nini. Lufufu alijipatia sifa kwa kazi hiyo nchini mwetu. DJ Afro amejipatia sifa kama hiyo nchini Kenya. Wafasiri hawa wameyafikisha masikioni mwa watu maneno ambayo shule zetu hazikuweza kuyafikisha.

Juu ya filamu hizi kuna makundi mawili ambayo sisi hatukubaliani nayo. Kundi la kwanza ni la wale wasemao kwamba filamu ya watu kusafiri katika wakati, kutoka mwaka ujao kurudi mwaka uliopita, ni moshi mtupu, na kwamba mwalimu anayeijadili darasani anapoteza kipindi. Kundi la pili ni la wale wanaozipenda mno filamu hizo, lakini wanawagawa wahusika wote mafungu mawili tu: steringi na adui. Steringi hafi, adui lazima ashindwe, nia zao zimekwisha kujulikana kabla taa haijazimwa. La kusikitisha ni kwamba kundi hili la pili halipo bandani tu. Limo pia katika madarasa yetu ya fasihi, ambamo mwanafunzi hukariri kuwa mhusika fulani ni jasiri, mvumilivu na mwenye mapenzi ya dhati, akapata alama zake, bila kuulizwa hata mara moja mhusika huyo alijua nini alipofungua kinywa chake.

Hoja yetu ni moja. Nia ya mtu husomwa kwa yale aliyoyajua aliposema, si kwa yale tuliyokuja kuyajua sisi baadaye. Filamu ya safari ya wakati inaifundisha kanuni hii kuliko hadithi nyingine nyingi, kwa sababu ndani yake watu wawili husimama mahali pamoja, saa moja, huku mmoja akiwa ameshayaona ambayo mwenzake bado hajayafikia. Asiyeitunza tofauti hiyo hataielewa filamu. Na asiyeitunza maishani hatawaelewa wazazi wake.

Tuchukue filamu moja inayojulikana sana, The Terminator, iliyoongozwa na James Cameron na kutolewa nchini Marekani mwaka 1984. Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 2029, baada ya vita vya kuangamiza, mashine zinawawinda binadamu, na binadamu wanaongozwa na kamanda aitwaye John Connor. Mashine zinapoona zimeshindwa zinampeleka muuaji wa chuma, mwenye sura ya mtu, katika mwaka 1984, amuue Sarah Connor, msichana mhudumu wa mgahawa, kabla hajamzaa John. Binadamu nao wanampeleka askari mmoja, Kyle Reese, amlinde. Kyle na Sarah wanapendana, Kyle anauawa, Sarah anabaki na mimba, na mtoto huyo ndiye John. Kwa hiyo kamanda amemtuma kwenye hatari kijana ambaye ni baba yake mzazi.

Hapa steringi na adui wa bandani wanaanza kutuangusha. Muuaji wa chuma anachezwa na Arnold Schwarzenegger, ambaye watazamaji wengi walimjua kwanza kama shujaa wa Commando, filamu ya mwaka 1985. Aliyemzoea humo humpigia makofi anapotokea, akidhani nia yake ni njema, naye anaua. Katika filamu ya pili, ya mwaka 1991, mwigizaji yule yule, kwa sura ile ile, amekuja kumlinda mtoto John. Sura haikubadilika, kilichobadilika ni amri aliyopewa. Basi kama sura haitoshi kutuonyesha nia, tuitafute wapi? Tuitafute katika maneno, na katika wakati yanaposemwa.

Kyle anapokutana na Sarah kwa mara ya kwanza, katikati ya risasi, anajitambulisha kijeshi: ni sajini, ametaja namba yake, amepangiwa kumlinda. Baadaye, hatari ilipopoa kidogo, anamwambia kwamba alijitolea. Wafasiri wengi hawaoni tofauti. Mara zote mbili husema "nimetumwa". Lakini Mtanzania gani asiyejua umbali uliopo baina ya kutumwa na kujitolea? Taifa letu limejengwa kwa neno hilo la pili. Aliyetumwa hutii, aliyejitolea amechagua. Mfasiri akizichanganya kauli hizo mbili, amempokonya Kyle nia yake, na swali gumu la filamu nzima, yaani kama John alimtoa baba yake mhanga, linakuwa limejibiwa kabla halijaulizwa.

Tuingie ndani zaidi. Kyle anamweleza Sarah kwamba John aliwahi kumpa picha yake Sarah, na kwamba wakati ule hakujua kwa nini. Maneno haya mawili, "wakati ule", ndiyo msumari ulioshikilia nyumba. Yanatwambia kwamba John alijua na Kyle hakujua; kwamba kamanda alikuwa akimwandalia askari wake upendo kabla ya kumwandalia safari; na kwamba Kyle, anapoyasema hayo, ameanza tu kuelewa alichotendewa. Tumekaa katika mabanda ya Kasulu na ya Kibondo tukasikia kauli hiyo ikifasiriwa: "John alinipa picha yako, nikakupenda." Ni tafsiri tamu, na watazamaji hucheka kwa furaha. Lakini imemfuta John kabisa, na nia ya mtu aliye mbali imezikwa chini ya mapenzi ya aliye karibu.

Mfano wa tatu unahusu nyakati za vitenzi vyetu. Sarah anauliza habari za baba wa huyo mtoto atakayemzaa. Kyle anajibu kwamba John hakumzungumzia sana, ila inajulikana kuwa alifariki kabla ya vita. Kyle anajitabiria kifo chake mwenyewe bila kujua. Mfasiri wa Kiswahili aseme nini hapa: alikufa, au atakufa? Vita bado havijaja, kwa hiyo fundi mwepesi husahihisha na kusema "atakufa kabla ya vita". Amekosea. Kwa Kyle, aliyezaliwa katika dunia iliyoteketea, baba yule ni marehemu wa zamani. Kinywani mwake neno ni "alikufa". Kwa Sarah jambo hilo hilo halijatokea. Lugha yetu inazo -li- na -ta-, -nge- na -ngali-, vifaa vya kutosha kumweka kila msemaji katika wakati wake. Tunapovitumia ovyo tunajidhulumu wenyewe, kisha tunalalamika kwamba filamu haieleweki.

Mfano wa nne ni wa heshima. Kiingereza kina neno moja tu la kumwita unayezungumza naye, liwe ni kwa mtoto au kwa mfalme. Kiswahili hakituachii uhuru huo: hatuna budi kuchagua baina ya mama, dada, bibi na mpenzi. Katika nchi ya Waha, ambako salamu peke yake huweza kuchukua muda mrefu na ambako kijana hajui kumpita mtu mzima kimya, uchaguzi huo ni jambo zito. Sarah ni msichana mdogo wa mgahawani, na mfasiri humwekea Kyle mdomoni neno "dada" au "mrembo". Hebu tufikiri. Kyle ameletwa mbele ya mama mzazi wa kamanda wake, mwanamke ambaye katika zama zake ni sifa na hadithi. Kwa adabu zetu angemwita Mama, ingawa umri wao unakaribiana, na msichana yule angeshangaa: mama wa nani? Mshangao huo huo ndio filamu yenyewe. Kisha siku ambayo Kyle angeacha kumwita Mama na kumwita Sarah, mtazamaji angejua, bila kuelezwa, kwamba moyo wake umegeuka. Hapa Kiswahili kingeweza kuonyesha jambo ambalo Kiingereza chenyewe kimelificha. Tumepewa nafasi hiyo tukaitupa.

Sasa tuje kwa muuaji wa chuma. Kyle anamweleza Sarah kwamba kitu kile hakibembelezeki, hakina huruma, hakijuti wala hakiogopi. Lakini mabandani mfasiri humtia matusi, kicheko na hasira: "Leo nitakukomesha!" Watu hufurahi. Hata hivyo kitisho chote kimekwisha, maana mwenye hasira anaweza kutulizwa, na mwenye chuki ana sababu. Anapofika kituo cha polisi na kuambiwa asubiri kwenye benchi, muuaji anajibu kwa upole kwamba atarudi. Askari wa zamu anasikia neno la mgeni yeyote asiyetaka kungoja. Neno ni moja, "nitarudi". Aliyelisema na aliyelisikia hawamo katika habari moja. Mfasiri akiliongezea ukali amemwonya askari ambaye filamu haikumwonya.

Tena mashine ile haimjui Sarah. Inafungua kitabu cha simu, inasoma majina, inakwenda nyumba kwa nyumba kuwaua wanawake wote wanaoitwa hivyo. Jambo hili lisingepaswa kuwa geni katika nyanda za Kasulu na Kibondo. Mwaka 1972, ng'ambo ya mpaka, nchini Burundi, walimu, wanafunzi na watumishi walichukuliwa kwa majina, wakauawa, na maelfu ya waliosalimika wakavuka kuingia mkoa wa Kigoma. Mwaka 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, wakaja wengine. Mwaka 1996 ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu kwa ajili ya waliokimbia vita vya Kongo, na mwaka 2015 kambi ya Nduta ikapokea tena Warundi. Wazee wa huku, waliowapokea watu hao, hawahitaji kufundishwa kwamba uovu mkubwa mara nyingi hauji ukipiga kelele; huja na orodha mkononi. Kijana anayefundishwa na banda kwamba adui hujulikana kwa matusi yake hatamtambua adui mwenye sauti ya upole.

Tunasikia wapinzani wetu wakiuliza: je, mnataka kumlaumu mfasiri wa banda, mtu aliyejifunza kazi yake bila shule, mbele ya watu wanaotaka kucheka? Hapana. Mfasiri huyo anafanya kazi ya taifa, na wasomi waliomdharau hawakuwahi kukaa mahali pake. Tunachokidai ni kwamba kazi yake ni uhakiki, naye astahili kuhojiwa kama mhakiki. Kila tafsiri ni hukumu juu ya nia. Mwalimu Nyerere alipokifasiri kile kitabu cha Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice hakukiita "Mfanyabiashara". Alikiita Mabepari wa Venisi, kilichotoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Neno "mabepari" ni hukumu. Lakini ni hukumu aliyeitoa aliijua, akaiweka juu ya jalada ambako kila msomaji ataiona na kuipinga akitaka. Hatari ni ile hukumu ambayo mwenye kuitoa hajui kwamba ameitoa.

Wengine watasema kuwa safari za wakati si zetu, ni ndoto za watu wa viwanda. Hao wamesahau vitabu vyetu wenyewe. Katika Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 2001, mzuka wa babu unamjia mjukuu, mtu mkubwa serikalini, ukampambanisha na yaliyopita na yanayokuja. Mwanafunzi anayejua kumsoma babu yule ataweza kumsoma Kyle Reese, na anayejua kumsoma Kyle atarudi kwa babu akiwa na maswali mapya.

Lakini hoja kubwa kuliko zote haimo vitabuni wala kwenye kioo. Katika miaka ya ukoloni Waha wengi walikwenda manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Waliagana na wake zao kwa neno "nitarudi". Baadhi walirudi baada ya miaka mingi, wakakuta watoto wasiowajua; wengine hawakurudi. Mwaka 1972 ilianza Operesheni Kigoma, na watu waliacha maboma yao ya zamani wakahamia vijijini. Waliovuka mpaka nao walifunga mizigo wakisema "tutarudi". Leo wajukuu wao, walioketi katika madawati ya Kasulu na Kibondo, wanatoa hukumu: babu aliitelekeza familia; bibi alikubali kuhamishwa kwa woga; wale walikuwa wajinga kutokujua yatakayowapata. Je, mjukuu huyo hafanyi kosa lile lile la mfasiri aliyegeuza "alikufa" kuwa "atakufa"? Amesimama katika mwaka wake, akayachukua anayoyajua yeye, akayaweka kichwani mwa mtu wa mwaka mwingine, kisha akamlaumu kwa kutoyatumia. Mtu aliyesema "nitarudi" akiwa na nia ya kurudi hakusema uongo, hata kama mkonge, deni au maradhi yalimzuia. Na mtu aliyelisema akijua kwamba hatarudi alidanganya, hata kama baadaye bahati ilimrudisha. Matokeo hayatuambii nia.

Hatusemi kwamba wa kale wasamehewe kila kitu. Aliyejua na akatenda apewe hukumu yake yote. Ndiyo maana tunasisitiza kuuliza alijua nini, kwani swali hilo humwokoa asiye na hatia na humnyima mwenye hatia maficho. John Connor hasalimiki kwa kanuni yetu, wala hahukumiwi upesi. Mwishoni mwa filamu Sarah, mwenye mimba, anamrekodia mwanawe maneno, akijiuliza kama amwambie kuhusu baba yake, na kama kumwambia kutamfanya asimtume Kyle. Akasitasita, kisha akasema yote. Basi John alijua. Alimpa picha, akampokea Kyle alipojitolea, akamwacha aende. Huo ni ukatili wa mwana kwa baba, au ni utii kwa mama? Hapo ndipo mjadala wa darasa unapopaswa kuanza, na hapo ndipo unapoishia kila mara tunapomwita John "steringi" na kufunga daftari.

Kwa walimu tuna ombi. Mnapomjadili mhusika yeyote, wa filamu, wa tamthilia au wa riwaya, acheni kwanza orodha ya sifa. Waulizeni wanafunzi mambo matatu: anayesema anajua nini kwa saa hii, anamwambia nani, na huyo anayeambiwa anajua nini, na ni neno gani katika kauli yake linalotuonyesha hayo. Kisha wapeni kauli moja tu ya Kiingereza waifasiri, kila mmoja kwa Kiswahili chake, wabishane juu ya "alikufa" na "atakufa", juu ya "mama" na "dada". Chuo cha Ualimu kimo Kasulu. Walimu wanaotoka humo wanaweza kuianza kazi hii bila kungoja waraka wowote.

Kwa wanafunzi tuna neno fupi. Mkirudi nyumbani, kaeni na babu zenu na bibi zenu. Msiwaulize kwa nini hawakufanya lile ambalo leo linaonekana wazi. Waulizeni waliona nini asubuhi ile, waliambiwa nini na nani, na wao wakajibu nini. Yaandikeni maneno yao kama walivyoyasema, pamoja na "wakati ule" zao zote, msiifute hata moja.